Ukili kwenye Paja la Winchi

Tangu nikabidhi funguo za chumba cha fiziotherapia, ninyi vijana wangu wawili mliobaki pale mmenipigia simu mara nyingi kuliko watoto niliowazaa. Mnauliza vitu vidogo vidogo: mifuko ya mchanga ilishonwa wapi, kitanda kinachoyumba kinaegemezwa na nini. Kinaegemezwa na kipande cha mkoko chini ya mguu wa kushoto, na msikitoe, maana kimefanya kazi kuliko mafundi wote tulioletewa. Nimeona niandike mara moja, nipumzike. Vyeo na mishahara sitavigusa, kwa sababu vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua. Nitaandika juu ya jambo lililonifuata tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, nalo ni imani ya watu kwamba nguvu za mtu zinaonekana kwa macho.

Siku ya kwanza mwenyewe nilikuwa nayo imani hiyo. Nilifika hospitalini Kibiti asubuhi, koti jeupe limenyooshwa mpaka linasimama lenyewe. Nikamkuta mlangoni mzee mwembamba, shati linampwaya, shingo imetokeza kwenye kola. Nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha benchi la wagonjwa. Akaenda akaketi, wala hakunibishia. Zamu yake ilipofika akaingia, akanyoosha mkono mbele na kusema, "Nipime nguvu, daktari."

Kipimo mnakijua. Mgonjwa ananyoosha kiungo, nawe unakikandamiza. Kikianguka chenyewe, namba ndogo. Kikikushinda kabisa, tano. Nilikandamiza ule mkono kwa adabu, kwanza, nisije nikamvunja mzee wa watu. Haukushuka. Nikakandamiza bila adabu. Nikaishia kuning'inia. Yule mzee alikuwa anatazama nje dirishani kama mtu anayesubiri chai.

"Andika tano," akasema. "Halafu uvae koti vizuri. Mimi ndiye mkuu wa hiki chumba."

Huyo ndiye Mwalimu Pazi, aliyenifundisha kazi. Chuoni nilisoma majina ya misuli yote, na yeye aliyajua, lakini wagonjwa aliwaeleza kwa lugha nyingine. "Nyama ni watu wa kijiji," alikuwa akisema. "Lazima apatikane mtu wa kupiga mbiu ndipo watoke na majembe. Kuna vijiji vikubwa mbiu inalia, wanatoka wawili. Na kuna kijiji kidogo, ikilia, anatoka mpaka mwenye mimba." Kwake mpiga mbiu alikuwa ubongo na mishipa ya fahamu, na mbiu hiyo huwa kali kwa mazoezi na mazoea ya kazi.

Msije mkatangaza kwamba nimesema ukubwa wa msuli hauna maana. Unayo maana sana. Msuli mnene, ukiitwa wote, una nguvu kuliko mwembamba, na mtu akitaka nguvu nyingi kwa muda mrefu, lazima nyama nayo iongezeke. Ninachosema ni kwamba tepu ya kupimia inakuambia wako wangapi kijijini, haikuambii wametoka wangapi. Ndiyo maana Mwalimu Pazi alinipa tepu siku ya kwanza, na siku ya pili akaificha.

Vifaa vyetu vingine havikuwa vya kujivunia. Tulikuwa na rula ya kupimia pembe za viungo, mifuko ya mchanga ya kufunga miguuni, na baadaye kile kifaa cha kupima mshiko, unachokiminya mkononi na mshale ukapanda. Mchanga wa mifuko tuliuchukua mtoni Rufiji. Chukueni hukohuko, wa barabarani una vumbi, unapenya kwenye mshono, na mgonjwa anarudi nyumbani amekuwa mweupe mguu mmoja.

Kifaa cha mshiko kilituletea wageni ambao hawakuwa wagonjwa. Nyuma ya stendi kulikuwa na jimu ya vijana, vyuma vyake makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Siku moja akaja kijana wao mmoja waliyemwita Tani Mbili, mikono imemjaa hata haiwezi kutulia ubavuni. Akaminya, mshale ukapanda, akatabasamu. Benchini alikuwepo Bi Somoe, mkulima wa Umwe, amekuja kwa maumivu ya kifundo cha mkono wa kushoto. Akasema naye anataka kujaribu kwa mkono wake mzima. Akaminya. Tani Mbili alimshinda, na kwa mbali. Nawaambia kweli, kwa sababu hadithi hii imezunguka Kibiti ikiwa imegeuzwa.

"Sasa, mwanangu," Bi Somoe akamwambia, "tushike tusiachie."

Kifaa kilikuwa kimoja, kwa hiyo wakashika kwa zamu, kila mtu kiasi alichoweza. Tani Mbili alianza kwa kishindo, akatetemeka, jasho likamtoka puani, akaachia. Bi Somoe aliminya huku akiniuliza gari la Ikwiriri linaondoka saa ngapi, na kama najua mtu anayeuza jembe la mpini mfupi. Mshale wake haukuwa juu, lakini ulikaa palepale.

"Mama, hii mashine imechoka," Tani Mbili akalalamika.

"Mashine haijachoka, baba. Umechoka weye."

Yule mama amelima, ametwanga na kukamua tui la nazi tangu utoto, na vidole vyake vinajua kukaa kazini. Kijana alizoeza mikono yake kunyanyua kwa nguvu, akapata nguvu ya kunyanyua. Wote wawili walikuwa na nguvu. Mwalimu Pazi alicheka wiki nzima, lakini alimfuata yule kijana mpaka stendi kumwambia asivunjike moyo.

Sasa nije kwa Winchi, maana ndiye mnayemuulizia kila mara.

Jina lake Seifu, mtu wa Kiongoroni, kule mwisho wa delta ambako ukikosa boti basi umelala. Kazi yake ilikuwa kuvusha watu na mizigo kwa mtumbwi, kati ya kwao na Mbuchi, mpunga unakolimwa. Jina la Winchi alipewa kwa sababu chombo cha mtu kikikwama kwenye tope, aliitwa yeye, naye alikivuta. Paja lake moja lingetosha watu wawili na likabaki. Siku moja walipokuwa wanapakia magogo, gogo likateleza likamvunja mguu wa kulia, chini ya goti. Akafungwa plasta ngumu, ile tunayoiita hogo, toka mguuni mpaka juu ya paja, akakaa nayo miezi kwa dada yake hapa Kibiti.

Siku hogo lilipokatwa, Winchi aliutazama mguu wake, akanitazama mimi, akauliza, "Huu wa nani?"

Hapo lazima niwaeleze kitu ambacho ninyi wawili, kwa kuwa hamtokei huku, mnaweza msikione. Winchi ni Mndengereko wa delta. Mimi ni Mmatumbi wa milimani. Kwetu sisi hao ni watani wetu. Mtani unamtukana, anakutukana, na atakayenuna ndiye mwenye makosa. Mtani anaweza kuingia kwako akachukua kuku, akaondoka naye, nawe huendi polisi; unamfuata, unamkomboa kuku wako kwa chochote mtakachopatana, mnacheka. Hata msibani mtani huketi juu ya jembe la kuchimbia kaburi mpaka akombolewe. Kwa hiyo nilimjibu kama inavyopasa.

"Huo wa Mmatumbi. Tumekuazima, maana wako ulikuwa unakula sana."

"Ndiyo maana mfupi," akasema. "Nyie mmezaliwa mguu mmoja mfupi kwa sababu ya kutembea kwenye vilima."

Tukaanza kazi. Mguu ukikaa bila kazi, nyama inapungua, na nguvu inapungua zaidi ya nyama. Mkianza mazoezi, nguvu inatangulia kurudi, kwa sababu mbiu inaanza kulia tena. Nyama inafuata nyuma, polepole, kama mkwe aliyealikwa kwa lazima. Baada ya wiki kadhaa Winchi alikuwa anainuka kwenye kiti bila mikono, anapanda ngazi, anasimama kwa mguu mmoja akinitukana. Nilipima kwa mkono nikapata tano. Nilikalia ule mguu ameunyoosha, nao haukushuka.

Hakuniamini. Mkewe, Mwanaidi, ni msukaji wa mikeka, na Winchi alikuwa amechukua kipande cha ukili, ule utepe wa majani ya ukindu unaosukwa kabla ya kushonwa mkeka. Kila baada ya sala ya alfajiri aliuzungusha kwenye paja zima la kushoto, akaweka fundo, halafu akauhamishia kwenye paja la kulia. Fundo lilikuwa linaning'inia. Akiingiza vidole kwenye nafasi ile, uso ulimbadilika.

"Lakini nimekukalia mguu haukushuka," nikamwambia.

"Weye mdogo. Una uzito gani? Kunguru akitua kwenye boriti, boriti inashuka?"

Mnaona alivyonifunga. Mguu wake hauna nguvu kwa kuwa ni mwembamba, na kipimo changu hakina maana kwa kuwa mimi ni mwembamba. Nikamletea Mwalimu Pazi, naye akamkandamiza kwa nguvu zote. Winchi alimtazama kwa huruma, akasema huyu mzee angelazwa. Tani Mbili alimshauri ale mayai. Alikula mayai mengi, yakafika tumboni yakahamia hapohapo.

Akarudi Kiongoroni na fimbo, ambayo hakuihitaji. Siku zikapita. Nilipopata nafasi kwenye boti ya wahudumu wanaokwenda kupima watoto kule, nikaenda nao. Nilimkuta Mwanaidi jikoni anachambua dagaa, macho mekundu, na haikuwa kwa moshi.

"Afadhali umekuja, dada. Anauza mtumbwi."

Mnunuzi alikuwa Shabani wa Mbuchi, naye alikwisha kufika asubuhi hiyo, ameketi barazani na Winchi wanakunywa chai. Mwanaidi akaniambia mumewe hajakanyaga tope tangu arudi. Anakaa pale, anapima paja, anafunga ukili kiunoni, anaangalia wenzake wanavyovusha watu. "Anasema mguu ukinenepa atarudi kazini. Mtumbwi ukiondoka, dada, hata ukinenepa atarudi kwenye nini? Huyu mtu atanifia kwenye baraza."

Nilishikwa na hofu kwelikweli. Nimewaona wengi walioishia hivyo: mfupa umeunga, misuli imeamka, mtu mwenyewe amekaa. Nilikwenda barazani nikaomba nimpime tena. Akakubali kwa upole, na upole wa Winchi ulinitisha kuliko matusi yake. Mfupa haukuwa na uchungu popote, goti linakunja lote, nguvu tano. Andikeni hilo kwa wino mwekundu, kwa sababu nilichofanya baadaye hakifanywi kwa mgonjwa ambaye mfupa haujaunga.

"Tano," nikasema.

"Kunguru," akajibu, akamgeukia Shabani. "Tukamalize kauli."

Mtumbwi ulikuwa umefungwa hapo chini, hatua chache tu kutoka nyumbani, maji yameanza kupwa. Nikashuka. Nikafungua kamba, nikapanda, nikachukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, nikaukita chini na kusukuma. Mimi ni mtu wa milimani. Mtumbwi ulikwenda ubavu, ukageuka, ukanionyesha kijiji, ukanionyesha mikoko, halafu ukaamua njia yake wenyewe.

"Weye Mmatumbi!" Winchi akainuka barazani. "Unakwenda wapi na chombo changu?"

"Nakipeleka kwetu!"

"Kwenu hakuna maji!"

"Tutakifugia kuku!"

Watu walitoka majumbani, vicheko vikaanza. Nilikuwa bado napambana na upondo mtumbwi ulipopanda kwenye fungu la tope na kukaa. Maji yakaendelea kuondoka pembeni yangu. Nikasukuma, upondo ukazama, nikauacha humo nisiufuate. Hayo ya kukwama, wanangu, sikuyapanga. Nilipanga kumfanya anifuate mpaka ukingoni tu.

Shabani akaanza kukunja suruali aje kunitoa. Mwanaidi akamshika shati. "Muache. Hayo ya watani, hayakuhusu." Na hakuna mwingine aliyesogea, maana kitu kilichochukuliwa na mtani hukombolewa na mwenyewe. Walikaa ukingoni wakisubiri, na wengine wakaleta vigoda.

"Maji yakiondoka yote, chombo kitalala ubavu," Winchi akapiga kelele. "Utakipasua!"

"Basi kitakuwa cha kuku wadogo!"

Hapo alisahau. Alishuka akitukana ukoo wangu mpaka kwa babu, akaingia kwenye tope. Kutembea kwenye tope la delta ni ufundi: hukanyagi wima, unalaza wayo, unatoa kisigino kwanza, na kila unapovuta mguu mmoja, mwingine unabeba mwili mzima. Nilimhesabia moyoni kila alipouvuta wa kushoto, maana hapo alikuwa amesimama juu ya ule mwembamba peke yake, ndani ya tope la magotini. Ulimbeba. Akafika, akaegemeza bega nyuma ya mtumbwi, akapiga mguu wa kulia kama nguzo, akasukuma. Mimi nimo ndani na upumbavu wangu wote. Mtumbwi ukanguruma, ukateleza, ukagusa maji.

Alisimama anahema. Ndipo akatazama nyuma. Fimbo yake ilikuwa imechomeka palepale alipoingilia, imesimama peke yake kwenye tope.

Winchi aliutazama mguu wa kulia, umepakwa tope mpaka pajani, wembamba wake uleule wa asubuhi.

"Mtani," akaniuliza kwa sauti ndogo, "ni huu uliosukuma?"

"Miye nilikuwa nimekaa."

Akacheka. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, nikasingizia jua. Kisha nikakumbuka kazi yangu ya utani, nikashika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili. "Komboa," nikamwambia. Akajipapasa, hakuwa na kitu. Akafungua ule ukili kiunoni, bado una fundo la paja la kushoto, akanirushia.

Shabani akauliza kutoka ukingoni, "Sasa miye nimefuata nini huku?"

"Umefuata kuvushwa," Winchi akamjibu. "Njoo upande, nikurudishe Mbuchi."

Paja lile halikuwahi kulingana na mwenzake. Mpaka leo moja ni la Winchi, na lingine, asema mwenyewe, ni la Mmatumbi. Ukili niliutundika kwenye msumari juu ya mifuko ya mchanga, na kila mgonjwa aliyelia kuhusu mguu wake kukonda nilimsimulia habari zake. Mwalimu Pazi aliposikia nilivyofanya, alisema mbinu hiyo haimo kwenye kitabu chochote, na kwamba nisirudie bila kujifunza upondo.

Nilipostaafu nilichukua vitu vyangu vichache, ukili ukiwemo. Nami nikaanza kukaa. Mtu aliyesimama maisha yake yote, akikaa, anakaa kweli. Goti likaanza kuuma, binti yangu akaninunulia fimbo, fimbo ikanoga. Juzi asubuhi nilikuwa barazani peke yangu, nikajitazama miguu, nikaona imekwisha. Nikachukua ukili nikauzungusha kwenye paja. Fundo la Winchi lilikuwa mbali huko. Nilihuzunika sana, mimi niliyewapigia watu kelele miaka yote.

"Hodi," mtu akasema.

Winchi, na kikapu cha mchele wa Mbuchi kichwani. Aliangalia paja langu, akaangalia ukili, akaangalia fimbo iliyoegemea ukuta. Hata salamu hakumaliza. Akatua kikapu, akachukua fimbo, akageuka, akaondoka.

"Mtani! Fimbo yangu!"

"Naipeleka kwetu!" Alikuwa kishafika barabarani. "Tutaifanya upondo!"

Nilimfuata. Nilimtukana ukoo wake wote, nikipita kwenye duka la kona, nikipita kwa fundi cherehani, majirani wakitoka kunitazama. Nilimkuta kwenye benchi la muuza kahawa, ameweka fimbo mapajani, anapuliza kikombe. Nilikuwa nahema, kanga imenilegea, na goti, nasema kweli, lilikuwa linauma kidogo tu.

"Umekuja na usafiri gani?" akaniuliza.

Nikatazama miguu yangu, imejaa vumbi.

"Haya, komboa."

Nilikuwa nimetoka bila chochote. Nikafungua kiganja, nikakuta bado nimeshika ule ukili. Nikampa. Akaufunga kiunoni kama zamani, akanirudishia fimbo, akaniagizia kahawa. Tulikaa pale tukitukanana mpaka adhuhuri, kisha nikarudi nyumbani kwa miguu, fimbo nimeibana kwapani.